Macho mekundu: namna adenovirusi vinavyoingia ndani ya seli

Mtoto anaamka asubuhi kope zimegandana kwa matongo, macho mekundu, koo linamuuma. Wiki moja baadaye ndugu yake wanayelala kitanda kimoja ana hali hiyo hiyo, na mwalimu wa darasa naye anahesabu viti vilivyo wazi.

Visa vingi vya aina hii husababishwa na virusi viitwavyo adenovirusi. Vilitambuliwa mwaka wa 1953 nchini Marekani katika vinyama vya nyuma ya pua, viitwavyo adenoidi, ambavyo watoto walikuwa wametolewa kwa upasuaji. Jina lao limetoka hapo. Aina zaidi ya 50 zinazoambukiza binadamu zimejulikana tangu wakati huo. Baadhi hushika macho, nyingine koo na mapafu, na aina ya 40 na ya 41 huharisha watoto wadogo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na mlango ambao kila aina hutumia kuingia mwilini.

Kirusi kimoja kina upana wa takriban nanomita 90, kwa hivyo zaidi ya 10,000 vinaweza kupangwa mstari mmoja ndani ya milimita moja. Ganda lake la protini lina nyuso 20 na pembe 12. Katika kila pembe umechomoza uzi wenye kirungu kwenye ncha, na kirungu hicho ndicho hupapasa juu ya seli kutafuta mahali pa kushika.

Aina nyingi hushika protini inayojulikana kwa herufi CAR, iliyotambuliwa mwaka wa 1997. Wanasayansi waliipa jina kutokana na virusi vinavyoishika, jambo linaloweza kupotosha, kwani mwili haukuiweka hapo kwa ajili ya virusi. Kazi yake ya kawaida ni kusaidia kuzishikanisha seli jirani, kama saruji kati ya tofali na tofali. Aina nyingine hazina haja na CAR. Kuna zinazoshika protini ya CD46, na aina ya 37, ambayo huleta macho mekundu makali, hushika sukari iitwayo asidi ya siali juu ya seli za jicho.

Kushika bado si kuingia. Kwenye shina la kila uzi kuna protini nyingine ambayo hukamata vipokezi vya seli viitwavyo integrini. Seli inapoguswa hapo hubonyea na kukimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo, kama inavyomeza vitu vingine vingi kila siku. Kifuko hicho kisha hujaa asidi. Kwa vitu vingi huo ndio mwanzo wa kusagwa, lakini kwa adenovirusi ndiyo nafasi iliyokuwa ikisubiriwa: ganda hulegea, protini iliyofichwa ndani yake hutoka, na kifuko hupasuka. Kirusi hubebwa na mitambo ya seli yenyewe juu ya nyuzi zinazofanya kazi kama reli, hadi kwenye kiini. Ganda haliwezi kupita kwenye tundu la kiini, hivyo hubaki nje na DNA pekee ndiyo huingia. Safari hii yote huchukua kama saa moja. Baada ya hapo seli hutengeneza maelfu ya virusi vipya, kisha hufa na kuviachilia.

Uwezo huo wa kufikisha DNA kwenye kiini umetumiwa pia kwa faida. Chanjo ya AstraZeneca dhidi ya COVID-19, iliyowasili Kenya kwa mara ya kwanza Machi 2021, ilibebwa na adenovirusi vya sokwe vilivyoondolewa jeni ya kuviwezesha kuzaana.

Kwa familia, jambo la kuzingatia zaidi ni lile ganda. Virusi vya korona na vya homa ya mafua vina utando wa mafuta ambao sanitaiza huuvunja haraka. Adenovirusi havina utando huo, kwa hivyo sanitaiza haiviwezi vizuri, na vinaweza kukaa siku kadhaa kwenye kitasa cha mlango au taulo. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa mikononi kwa kuvisugua na kuvisomba. Vitasa, meza na vidude vya kuchezea vipanguswe kwa maji yenye dawa ya klorini, ikichanganywa kama ilivyoelekezwa kwenye chupa. Mgonjwa awe na taulo, leso na mto wake.

Dawa za antibayotiki huua bakteria wala si virusi hivi, na matone ya macho yenye steroidi yanayonunuliwa bila kupimwa yanaweza kudhuru jicho. Maziwa ya mama au majani ya chai yasitiwe machoni. Wagonjwa wengi hupona wenyewe kwa wiki mbili au tatu.

Anayeona ukungu, anayeumwa sana na jicho au asiyestahimili mwanga afike kituo cha afya. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 anayetokwa na usaha machoni apelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu katika umri huo mara nyingi chanzo huwa bakteria wanaoweza kumpofusha.