Utelezi wa Ndoo: Kazi za Protini katika Utando wa Bakteria

Mwanafunzi wa Songea aliyepata kuvuka kijito kitokacho milima ya Matogoro, huko unakoanzia mto Ruvuma, anajua jinsi jiwe la majini linavyoteleza. Utelezi kama huo, ingawa ni mwembamba zaidi, hupatikana kwenye ukuta wa ndani wa ndoo iliyokaa na maji siku nyingi bila kusuguliwa. Huo si uchafu tu. Ni maskani ya viumbe hai, wengi wao wakiwa bakteria walioacha kuogelea wakaanza kujenga. Maskani hayo tutayaita utando.

Ni kitu gani kinachouzuia utando usichukuliwe na maji? Yafaa tumtazame bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kwani utando wake umechunguzwa sana, nasi twamfahamu kwa msiba: mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi.

Bakteria huyu huogelea kwa mkia mmoja wa protini. Akikaribia uso wa kitu, vinywele vya protini vilivyo mwilini mwake hunasa pale. Akiisha kutulia hutoa ute wa sukari. Wengi hudhani kwamba ute huo peke yake ndio gundi. Sivyo; ute bila protini ni kama udongo wa kukandikia nyumba isiyo na fito. Protini iitwayo RbmA humfunga bakteria na jirani yake. Bap1 hulishikiza kundi zima kwenye uso wa kitu. RbmC, ikisaidiana na Bap1 na ule ute, huyazungushia makundi ganda. Mpangilio huo ulionyeshwa kwa hadubini na wataalamu wa Marekani mwaka 2012. Bakteria akikosa jeni ya RbmA, utando wake hulegea. Akikosa ya Bap1, utando hujengeka lakini hubanduka.

Protini nyingine, GbpA, humwezesha kushika kitini, yaani mada ngumu ya magamba ya viumbe wadogo wa majini walio jamaa ya kamba. Ndiyo maana huko Bangladesh, kama ilivyotangazwa mwaka 2003, kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Bakteria aliye peke yake angepenya kitambaa hicho bila shida. Aliyejishikiza kwa mnyama hunaswa pamoja naye. (Msomaji asiache kuchemsha maji kwa sababu hiyo!)

Klorini nayo huwaua kwa taabu bakteria walio ndani ya utando. Twahimizwa kutia dawa majini, lakini ni nadra kuambiwa tusugue ndoo kwanza.

Mwalimu aweza kutumbukiza kipande cha kioo katika maji ya kijito kwa juma moja, kisha akisuuze taratibu na kukitia dawa ya zambarau ya vidonda. Rangi itakayobaki baada ya kusuuza tena ni ya utando. Mikono ioshwe kwa sabuni.