Kinyonga wa pembe tatu: Mwindaji mtulivu wa milimani

ALFAJIRI, ukungu ukiwa ungali umetanda kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kinyonga wa pembe tatu huwa ametulia tawini kwa baridi. Jua linapochomoza, mjusi huyu huuelekeza ubavu wake kwenye miale na kuigeuza ngozi yake kuwa nyeusi ili apate joto upesi. Hapo ndipo huanza kuwinda.

Makao yake ya asili ni nyanda za juu za Kenya pamoja na Mlima Meru, Tanzania. Dume ndiye mwenye pembe tatu, ambazo hutumia kumenyana na madume wenzake.

Chakula chake ni nzi, panzi, nondo, buibui na konokono wadogo. Hawakimbizi, bali huwavizia. Kila jicho huzunguka kivyake, lakini anapoona windo huyakaza yote mawili kupima umbali, kisha huufyatua ulimi ambao waweza kuuzidi mwili wake kwa urefu. Maji huyapata kwa kulamba matone ya umande na mvua majanini.

Mbona baridi haiuzubaishi ulimi huo? Mwaka 2010, watafiti nchini Marekani walieleza kwamba misuli ya kinyonga huvuta kwanza tishu zinazonyumbuka, mithili ya uzi wa upinde, kisha huziachilia. Kwa hivyo, ulimi hufyatuka kwa kasi hata misuli inapolegezwa na baridi.

Tofauti na vinyonga wengi, huyu hatagi mayai. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi sita na kuzaa watoto hai, ambao hujitafutia chakula tangu mwanzo.

Hata hivyo, ulaji huo umezua balaa ugenini. Mwaka 1972, vinyonga waliotoka Kenya waliachiliwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walizaana kwa wingi, na sasa wanakula konokono na wadudu wa asili wasiopatikana kwingineko duniani.

Hapa nyumbani, ambako ni sehemu ya mazingira, yeye ndiye aliye hatarini. Wengi humwogopa na kumpiga mawe, ilhali hana sumu. Vichaka na nyua za miti anamoishi nazo hufyekwa. Mkulima amkutaye uani afadhali amwache: wadudu anaowala ni pamoja na panzi wanaotafuna mimea yake.