Kuteleza si kukimbia

Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Wapo waliocheka. Wakauliza: mkimbiaji mzima wa mita 800, tena kutoka Kenya, ameachwaje namna ile?

Jibu ni kwamba kuteleza si kukimbia. Skii ni vibao viwili virefu, vyembamba. Kiatu hufungwa upande wa vidole tu, kisigino kikaachwa huru. Katikati kibao kimepinda kidogo kama upinde, na chini yake hupakwa nta ya kushika. Ukikanyaga kwa nguvu, sehemu hiyo hugusa theluji na kuing'ang'ania. Ukiacha kukandamiza, huinuka, kibao kikateleza.

Basi fanya hivi. Kunja magoti kidogo, inama mbele. Kanyaga kwa mguu wa kulia ujisukume, kisha hamishia uzito wote kushoto na uache mguu huo uteleze. Mkono wa kulia uende mbele pamoja na mguu wa kushoto, kama katika kutembea, na fimbo isukume kuelekea nyuma. Kisha badilisha mguu.

Kosa la mwanafunzi ni kugawa uzito miguu yote miwili. Hapo kibao hakishiki wala hakitelezi vizuri. Mtu anatembea tu, nguvu zikapotea.

Kupanda mlima, tanua ncha za mbele na ukanyage kwa kingo za ndani. Kushuka, zikaribishe ncha, tanua visigino, sukuma magoti ndani: mwendo utapungua. Ukiona unaanguka, kaa upande, usitangulize mikono.

Ni maneno machache, lakini mwili huyajifunza kwa miaka. Watoto wengi wa Norway huanza wakiwa wadogo. Boit alianza mwaka 1996, akiwa mtu mzima, huko Finland.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dæhlie alikuwa amekilalia. Ndiyo maana hakucheka: alimsubiri Boit mstarini dakika zote zile, akamkumbatia.