Mwanafunzi Anayefundisha Naye Pia ni Mfanyakazi

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili katika mojawapo ya vyuo vikuu vyetu, nilikabidhiwa makundi mawili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza niyafundishe. Niliandaa masomo, nikasahihisha insha na kujumlisha alama hadi usiku wa manane. Muhula ulikwisha bila malipo. Nilipokwenda kuuliza, karani alinitazama kwa mshangao, akaniambia, "Wewe ni mwanafunzi, bwana. Mwanafunzi hadai mshahara." Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kazi bila mkataba nayo huenda vivyo hivyo.

Maneno ya karani yule hunirudia kila nikumbukapo yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha New York, Marekani. Huko pia wanafunzi wa uzamili na uzamifu huongoza madarasa na kusahihisha mitihani. Waliamua kuunda chama, na wakajiunga na muungano wa UAW. Msomaji huenda akacheka akisikia kwamba huo ni muungano wa wafanyakazi wa viwanda vya magari! Lakini mnyonge hachagui mshirika kwa mavazi yake. Humchagua kwa uzoefu wake wa kukaa mezani na mwajiri.

Chuo kilipinga kwa hoja ile ile ya karani wangu: hawa ni wanafunzi, si wafanyakazi. Mwaka 2000 bodi ya serikali ya Marekani inayosimamia mahusiano ya kazi iliamua kwamba mtu anaweza kuwa yote mawili. Mazungumzo yakaanza, na mwanzoni mwa 2002 mkataba ukatiwa saini. Huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika chuo kikuu cha kibinafsi nchini humo. Vyuo vya umma vilikuwa vimetangulia, kwani wasaidizi wa kufundisha wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipata wao mwaka 1970 baada ya mgomo.

Mkataba wa New York uliongeza posho na kuwapa wanafunzi hao bima ya matibabu. Uliweka pia utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Masuala ya taaluma, yaani nini kifundishwe na kwa njia gani, yaliachiwa chuo. Hapo ndipo penye kiini cha mkataba wowote wa kwanza. Pande mbili ambazo hazijawahi kuketi pamoja hulazimika kupiga mstari na kukubaliana lipi ni la kazi na lipi ni la elimu. Nyongeza ya fedha yaweza kuliwa na bei za vitu kwa mwaka mmoja, lakini mstari huo ukichorwa vyema humlinda hata yule atakayekuja baadaye.

Hata hivyo, mstari waweza kufutwa. Julai 2004 bodi ile ile, ikiwa na wajumbe wengine, iligeuza msimamo katika kesi ya Chuo Kikuu cha Brown, ikasema wasaidizi hao ni wanafunzi kwanza. Mkataba wa New York ulipokwisha Agosti 2005, chuo kilikataa kuandika mwingine, kikidai kwamba malalamiko ya chama yalikuwa yakiingilia maamuzi ya kitaaluma. Wanafunzi waligoma Novemba mwaka huo, na wakuu wakatishia kuwanyima posho. Mgomo ulififia bila mkataba.

Chama hakikufa. Mwaka 2013 chuo kilikubali kura ipigwe, na wanafunzi 620 wakaunga mkono chama dhidi ya 10 tu. Mkataba wa pili ulipatikana Machi 2015, saa chache kabla ya mgomo mwingine. Mwaka uliofuata bodi iliwarudishia haki yao wasaidizi wa vyuo vyote vya kibinafsi, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Sisi Wakenya hatupaswi kuyasoma hayo kama hadithi za ng'ambo. Walimu wetu waliunda KNUT mwaka 1957, kabla ya uhuru. Wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma Novemba 1993 wakitaka chama chao kiandikishwe, serikali ya wakati huo ilikataa katakata, na baadhi ya viongozi wao wakapoteza kazi. UASU iliandikishwa mwaka 2003, miaka kumi baadaye. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, na kinavipa vyama haki ya kujadiliana na waajiri.

Najua nitajibiwa kwamba vyuo vyetu vina madeni, na kwamba mkataba utamfanya mwanafunzi amtazame profesa wake kama bwana wa shamba. Madeni ni ya kweli. Lakini mezani ndipo hesabu hufunguliwa na watu wakaelewana nini kinawezekana na lini. Kuhusu profesa, uhusiano wetu haukuharibiwa na mkataba, kwani hatukuwa nao. Uliharibiwa na aibu ya kumwomba nauli mtu ambaye nilimfanyia kazi.

Wanaosomea shahada ya kwanza nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Anayesahihisha karatasi zao akiwa na njaa, huku akiwazia kodi ya nyumba, ndiye anayeamua kama watafaulu au watarudia mtihani.

Rai yangu ni nyepesi. Kila mwanafunzi anayepewa darasa apewe kwanza barua inayotaja saa zake, malipo yake, siku ya kulipwa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Kisha wenye barua hizo waketi pamoja, wachague wasemaji, na wawaombe wahadhiri waliokwisha kuipita njia hiyo wawaongoze. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi sikuwapo, nami hadi leo sijalipwa.