Mbwa Anaposugua Uso kwa Bwana Wake

Mtu arudipo nyumbani jioni, mara nyingi wa kwanza kumlaki ni mbwa wake. Mnyama huyo humzunguka, hutikisa mkia, kisha huinamisha kichwa na kusugua shavu lake gotini au kiganjani mwa mwenyewe. Wengi wetu husema, "Ananipenda," na mambo yakaishia hapo. Lakini mwanasayansi hatosheki na jibu la kwanza. Hujiuliza: je, yapo majibu mengine, na yatapambanuliwaje?

Tuanze na ukoo. Mbwa wa kufugwa alitokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Watoto wa mnyama huyo humsukuma mkubwa mdomoni kwa pua ili awatapikie nyama. Tabia hiyo haiishi utotoni, kwani wakubwa nao huamkiana kwa kugusanisha nyuso. Mfano wake tunao hata hapa kwetu: mbwa mwitu wa Afrika, ambaye ni jamaa wa mbali tu, huamkiana vivyo hivyo kabla ya kundi kwenda mawindoni. Basi mbwa akuleteapo uso, huenda anakuamkia kwa desturi ya wahenga wake.

Jibu la pili limo puani. Binadamu ana chembehai za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Mbwa huweza kuwa na zaidi ya milioni 200. Akikukaribia kwa uso, anasoma ulikotoka na uliyekutana naye. Mwaka 2015 Gregory Berns na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi walivyowanusisha mbwa harufu mbalimbali huku wakipima kazi ya ubongo wao. Harufu ya mtu waliyemzoea ndiyo iliyoamsha zaidi sehemu ya ubongo inayohusika na matarajio ya mema. Mwaka huohuo Miho Nagasawa na wenzake huko Japani walionyesha kuwa mbwa na bwana wake wanapotazamana kwa muda mrefu, homoni iitwayo oksitosini huongezeka katika wote wawili. Jaribio hilo lilihusu kutazamana, si kusuguana. Hata hivyo, linathibitisha kwamba mapenzi hayo yana msingi wake mwilini.

Jibu la tatu halina mapenzi ndani yake: mbwa anawashwa. Viroboto, kupe, utitiri wa masikioni, jicho bovu au jino linalouma huweza kumfanya asugue uso popote apatapo.

Tutapambanuaje? Kila jibu lina matokeo yake. Ikiwa ni maamkizi, mbwa atamchagua mtu na wakati, hasa mtu huyo arejeapo. Ikiwa ni mwasho, ukuta, mkeka na goti vyote ni sawa kwake. Aghalabu atasugua upande mmoja, atajikuna na kutikisa masikio. Wanafunzi wenye mbwa nyumbani, aliyechanjwa na wanayemfahamu, waandike daftarini kwa siku saba: saa, kitu kilichosuguliwa, upande wa uso, na jambo lililotangulia. Kisha walete hesabu zao darasani, kila dai lipimwe kwa hesabu hizo.

Kazi hii si mchezo wa kupitishia wakati, kwa maana lipo jibu la nne, nalo ni la hatari. Virusi vya kichaa cha mbwa huishi katika mate ya mbwa mgonjwa, navyo huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Dalili yake si ukali peke yake. Mbwa mpole aweza kujificha, na mwoga aweza kuanza kumng'ang'ania mtu asiyemjua. Linalotuonya ni badiliko la ghafula la tabia, na badiliko hulitambua yule tu aliyezoea kuangalia. Mate yakikuingia, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo huokoa ikitolewa mapema. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona.

Kwa hiyo mbwa wako akikusugulia shavu jioni ya leo, mpokee, lakini mwangalie vema. Mchunguze masikio na macho, na ukumbuke ni lini alichanjwa mara ya mwisho. Naye anayependwa na mnyama ana wajibu wa kumwelewa.