Andiko Alilolipenda Marehemu

Katika vijitabu vya mazishi vinavyogawiwa matangani huku Kakamega, baada ya picha ya marehemu, wasifu wake, majina ya watoto na wajukuu, na ratiba ya ibada, aghalabu huwapo kwenye sahifa ya mwisho nafasi ndogo iliyotengewa andiko alilolipenda yule aliyetutoka. Nami, kwa kuwa sina moyo wa kuvitupa vijitabu hivyo, nilivipanga mezani nikaona jambo lililoninyima raha: karibu vyote vina andiko lile lile, yaani maneno ya Mtume Paulo kwa Timotheo, sura ya nne ya waraka wa pili, juu ya vita alivyovipigana na safari aliyoimaliza. Je, yamkini wakulima wa miwa wa Malava na waalimu wa Shinyalu, wajane na makarani, waliopishana kwa tabia na kwa misiba iliyowafika, wote walifarijiwa na mstari mmoja?

Swali hilo lilinifikisha kwa mzee mmoja mwenye saiba mjini, anakovichapa vijitabu hivyo, si mbali na Bustani ya Muliro, ambaye alisomesha shule za msingi hata akastaafu, na ambaye wateja wake wangali wakimwita Mwalimu. Alhamisi ndiyo siku yake ya shughuli nyingi, maana maziko yetu mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, na jamaa humjia wamechoka kwa mikesha, wameshika picha na karatasi iliyoandikwa kwa haraka. Yeye huwauliza kwa taadhima, “Na andiko alilolipenda?” Hapo, asema, hutazamana. Wajua deni aliloliacha marehemu, wajua ng’ombe wake kwa rangi zao, lakini neno lililomtuliza usiku hawalijui. Basi mmoja wao husema, “Mwalimu, tuwekee ule wa vita,” naye huuweka.

Mwalimu hawalaumu. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa huwaomba wamletee Biblia yenyewe ya marehemu, na ni kazi hii, ambayo hakuna anayemlipa kwayo, iliyonifanya nirudi kwake tena na tena. Kwanza hukisimamisha kitabu juu ya uti wake akakiachia kifunuke chenyewe, kwa kuwa kitabu kilichofunguliwa mara nyingi mahali pamoja hukumbuka mahali hapo. Kisha hutazama pembe za kurasa, palipoingia weusi wa vidole, na mwisho huufuata wino: mstari wa kalamu ya risasi, mstari wa kalamu ya buluu, tarehe iliyoandikwa pambizoni, jina la mtoto lililofupishwa kwa herufi mbili. Kwa aliyoyaona yeye, ule ukurasa wa Timotheo mara nyingi ni mweupe. Wino umekaa kwingine: mwishoni mwa sura ya nane ya Warumi, Paulo anapovihesabu vitu vyote viwezavyo kuogopwa, mauti na uhai, yaliyo juu na yaliyo chini, akakana kwamba kimojawapo chaweza kumtenga mtu na mapenzi ya Mungu, katika Maombolezo sura ya tatu, ambapo rehema huja upya kila kunapokucha, na katika Sefania, ambapo Mola mwenyewe huwaimbia watu wake kwa furaha. “Ushindi wao waliniachia mimi niuchape,” aliniambia. “Wao walitafuta mahali pa kupendwa.”

Vitabu hivyo vina historia ambayo msomaji wa huku haihitaji kusimuliwa kwa urefu. Wamishenari wa Marafiki, yaani Waquaker, waliingia Kaimosi mwaka 1902, Biblia nzima ya Kiluragoli ikatoka 1951, ya Kiswahili cha Muungano 1952, na ya Kiluyia 1975, hivi kwamba katika nyumba ya wazee mara nyingi utakuta zaidi ya moja, na moja yao imechakaa kuliko nyingine.

Biblia asiyoisahau Mwalimu ilikuwa ya kukhu mmoja, bibi aliyezika watoto wake kadhaa kabla ya yeye kuzikwa. Ilifunguka yenyewe katika Isaya sura ya arobaini na tisa, penye ahadi ile kwamba hata kama mama angeweza kumsahau kichanga wake, Mungu hasahau, na kwamba watu wake amewachora katika viganja vyake. Ahadi hiyo ilipigiwa mstari wa kalamu, imara, uliokaribia kuitoboa karatasi. Lakini aya iliyo juu yake, aya ya kumi na nne, ambamo Sayuni analalamika kuwa Bwana amemwacha na amemsahau, nayo ilikuwa na mstari, wa risasi, hafifu, uliofutika nusu. Baina ya risasi na kalamu ilipita muda gani? Wiki moja, au miaka ishirini? Na ni kukhu aliyeufuta ule wa juu, au ni vidole vyake tu vilivyoupitia kila jioni?

Mwalimu alitaka kuzichapa aya zote mbili, kwa kuwa, asema, jibu bila malalamiko humfanya Mungu aonekane kama anajisemea peke yake. Wana wa marehemu walikataa. Mama yao, walisema, hakuwa mtu wa kunung’unika, wala hawangekubali kanisa zima lisome kuwa aliwahi kujiona amesahauliwa. Alichapa ahadi peke yake. Mimi nawaelewa wale wana; lakini moyo wangu uko pamoja na mstari wa risasi, kwa sababu naamini ni huo uliomfikisha kukhu kwenye wino, na kwamba mfiwa aliyeketi nyuma kabisa chini ya turubai, ambaye hana la kusema ila lile la Sayuni, angefarijika zaidi kujua kuwa bibi yule naye alianzia hapo.

Si wote wampao vitabu. Mteja mmoja aliirudisha Biblia ya babake mfukoni kabla haijafunguliwa, akasema yaliyoandikwa pambizoni ni baina ya mzee na Mola wake, na kwamba mapenzi ya namna hiyo hayachapwi nakala mia tatu. Mwalimu hakubishana naye. Alimwekea ule wa vita. Na nilipomwuliza kama mtu yule alikosea, alitazama barabarani kwa muda, akasema hajui, kisha akaniomba radhi, kwani wateja walikuwa wakingoja.