Uzito Usioandikwa si Sifuri

Wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, wanaouza kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, hulipwa katika akaunti zao baada ya mnada. Malipo hufuata kumbukumbu: uzito, daraja, nambari ya akaunti. Tuseme chama kinahifadhi kumbukumbu hizo katika faili la XML, ambamo kila taarifa hukaa kati ya lebo mbili na kuitwa elementi, kisha skripti huzisoma.

Elementi ya uzito yaweza kuwapo bila kitu ndani, au isiwepo kabisa. Hakuna kati ya hali hizo inayosema kilo 0. Katika maktaba ya ElementTree ya lugha ya Python, find() hurejesha None ikiwa elementi haipo. Ikiwapo tupu, hurejesha elementi yenyewe, na text yake ndiyo huwa None. Mwandishi wa skripti akizigeuza zote mbili kuwa 0 ili programu isikwame, mkulima hupunjwa kimyakimya. Afadhali ikwame.

Twawashauri viongozi wa vyama wadai skripti inayoitenga rekodi ya namna hiyo, ikataja nambari ya stakabadhi na taarifa inayokosekana, wala isiihesabu mpaka karani ailinganishe na karatasi ya mizani. Daraja lililoachwa wazi lisijazwe kwa kukisia, kwa maana bei hutofautiana. Nawe mkulima, itunze stakabadhi yako hadi fedha ziingie.